Ngitili: Ujuzi wa Jadi Uliorudisha Miti Shinyanga

Ifikapo miezi ya Agosti na Septemba, nchi ya Usukuma huwa kavu kabisa. Mvua zilizoanza Novemba na kumalizika Aprili au Mei zimekwisha sahauliwa. Mito mingi imebaki mchanga mtupu, na mavuno yote yamo ghalani, pamoja na michembe iliyokatwa na kuanikwa juani. Wakati huo mfugaji hana swali kubwa kuliko hili: ng'ombe watakula nini hata mvua zirudi?

Wasukuma walilijibu swali hilo zamani, kabla ya kuwapo idara ya kilimo wala bwana shamba. Jibu lao linaitwa ngitili. Katikati ya miaka ya 1980 jibu hilo lilikaribia kupotea, na Mkoa wa Shinyanga ulikaribia kupotea pamoja nalo. Habari ya jinsi lilivyorudishwa yafaa kujulikana na kila mwalimu na mwanafunzi wa kilimo, biolojia na jiografia, kwani inafundisha mambo mawili kwa pamoja: namna ardhi iliyochoka inavyoweza kupona, na namna mtaalamu anavyopasa kumsikiliza mkulima.

Ngitili ni nini?

Ngitili ni sehemu ya ardhi inayofungwa isilishwe mifugo tangu mvua zianzapo mpaka kiangazi kinapokolea. Katika muda huo majani huota, hukua, hutoa mbegu na kukauka yakiwa yamesimama pale pale. Mwezi wa Julai au Agosti, malisho ya nje yanapokwisha, ngitili hufunguliwa kidogo kidogo, sehemu baada ya sehemu. Kwa desturi, walioingizwa kwanza ni ndama, ng'ombe wa maziwa, maksai wa kulimia, na wanyama wagonjwa au wakongwe wasioweza kufuata kundi hadi malisho ya mbali.

Ngitili haizungushiwi ua. Mipaka yake hujulikana kwa kijito, kichuguu, njia au mti mkubwa, nayo hulindwa kwa heshima ya majirani na kwa adhabu ya wazee. Ipo ngitili ya mtu binafsi au ya ukoo, na ipo ya kijiji kizima. Jambo la maana ni kwamba ardhi inayofungwa kwa ajili ya majani huwa pia imefungwa kwa ajili ya miti. Chipukizi lisiloliwa na mbuzi wala kukanyagwa na ng'ombe kwa miezi saba hupata nafasi ya kuwa mti.

Jinsi miti ilivyotoweka

Miaka mia moja iliyopita sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa pori la migunga na miombo. Pori hilo lilikuwa maskani ya mbung'o, inzi aenezaye malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha kazi kubwa ya kufyeka vichaka, maana ilifahamika kwamba mbung'o hawezi kuishi mahali pasipo na kivuli. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa Charles Swynnerton, mwanasayansi aliyeifanya Shinyanga kuwa makao ya utafiti wa mbung'o. Aina moja ya inzi huyo, Glossina swynnertoni, inaitwa kwa jina lake. Watu walifyeka maelfu ya hekta kwa nguvu za mikono, na mbung'o wakarudi nyuma kweli. Lakini ushindi huo ulikuja na gharama yake, kwa sababu nchi iliyobaki tupu haikupandwa kitu cha kushika udongo wake.

Baadaye likaja zao la pamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili mashamba ya pamba yalipanuka kwa kasi katika Usukuma, na plau la kukokotwa na maksai likamwezesha mkulima mmoja kulima eneo ambalo jembe la mkono lisingeliweza. Fedha za pamba nazo zilinunua ng'ombe, kwa kuwa kwa Msukuma ng'ombe ndiye benki. Hivyo mashamba yaliongezeka, ng'ombe waliongezeka, na malisho yakapungua.

Pigo jingine lilitokea katikati ya miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji. Kusudi la mpango ule lilikuwa kuwafikishia wananchi shule, maji na zahanati. Hata hivyo, kaya nyingi ziliacha nyuma mahame yao pamoja na ngitili zake. Ngitili iliyo mbali na nyumba haina mlinzi, na kisicho na mlinzi huliwa na yeyote apitaye. Katika miaka michache desturi iliyojengwa kwa vizazi vingi ililegea.

Matokeo yake yalionekana kwa macho. Kina mama walikwenda mwendo mrefu zaidi kila mwaka kutafuta kuni, na penye upungufu mkubwa walipikia samadi na mabua, vitu ambavyo vingelirutubisha mashamba. Makorongo yalizidi kupasua miteremko. Mwalimu Julius Nyerere, alipoitembelea Shinyanga katika mwaka wake wa mwisho mwisho wa urais, alishtushwa na hali hiyo. Mkoa ukaanza kutajwa kuwa jangwa la Tanzania.

Mnyororo wa udongo

Kabla ya kueleza jinsi hali ilivyogeuzwa, yafaa kuutazama udongo wenyewe. Mkulima wa Usukuma hazungumzii udongo kwa jumla. Juu ya mteremko, karibu na mawe ya matale, anataja luseni, udongo wa mchanga ulio mwepesi kulima, unaofaa mihogo, viazi vitamu na karanga. Chini zaidi anataja itogolo, udongo wa kijivu ulioshikamana kama sakafu, ambao maji huupita juu kuliko kuingia ndani. Bondeni kabisa anataja mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Humo hulimwa mpunga katika majaruba.

Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alipokuwa akichora ramani ya udongo wa Afrika Mashariki, aliona kwamba aina za udongo hufuatana hivyo hivyo kutoka kilimani hadi bondeni, na kwamba mfuatano huo hujirudia kilima baada ya kilima. Akaupa jina la catena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Leo neno hilo hufundishwa katika vyuo vikuu duniani kote. Wakulima wa Usukuma walikuwa na majina ya pete za mnyororo huo kabla ya ramani ya Milne.

Mnyororo huu unaeleza pia kwa nini ardhi tupu huharibika upesi. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya hekta moja huleta lita 100,000 za maji. Mvua moja kubwa ya milimita 40 huleta lita 400,000. Iwapo ardhi imefunikwa kwa majani, miti na matakataka ya majani makavu, sehemu kubwa ya maji hayo huzama. Iwapo ni tupu na imekanyagwa na kwato, maji huteremka kutoka luseni hadi itogolo yakiongeza kasi, yakichukua udongo wa juu, na pale yanapokusanyika huanza kuchimba korongo. Mkulima wa juu hupoteza rutuba, mkulima wa chini hufukiwa na mchanga, na kisima hukosa maji yaliyopasa kuzama. Mteremko mzima ni kitu kimoja.

Mwaka 1986 na baada yake

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI, baadaye ukapata msaada wa Norway. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Kilimo-Misitu, yaani ICRAF, lilishirikiana nao kwa upande wa utafiti. Wakati mpango unaanza, ngitili zilizoorodheshwa katika mkoa mzima zilikuwa hekta 600 hivi tu.

Hapo mwanzo kazi ilifuata njia iliyozoeleka: vitalu vikubwa vya miche, miti mingi ya kigeni, na kampeni za kupanda. Njia hiyo ilikuwa na matatizo katika nchi kavu. Miche yahitaji maji wakati ambapo hata watu hawana maji ya kutosha, mchwa huishambulia, na mche ulio peke yake katika uwanja wa malisho ni chakula cha mbuzi. Zaidi ya hayo, mti uliopandwa kwa amri ya ofisi huonekana kuwa mti wa ofisi.

Wataalamu walipoketi na wanavijiji na kuwauliza walikuwa wakifanya nini zamani, habari za ngitili zilijitokeza. Hapo mkazo ulibadilika. Badala ya kuuliza "Tupande miche mingapi?" swali likawa "Tufunge eneo lipi?" Kazi ya bwana shamba nayo ikabadilika: kusaidia kuchora mipaka, kupima, kuwatembeza wakulima wa kijiji kimoja wakaone ngitili za kijiji kingine, kuonyesha filamu na michezo ya kuigiza, na kuwafundisha wanaotaka kupanda miti ya ziada mashambani mwao.

Sheria hazikutungwa mjini. Ziliamuliwa katika dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, kisha zikathibitishwa na serikali za vijiji. Ulinzi ulifanywa na sungusungu, walinzi wa jadi waliojipatia nguvu Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika kupambana na wizi wa ng'ombe. Aliyelisha katika ngitili iliyofungwa alijulikana, aliitwa, naye alitozwa faini mbele ya majirani zake. Adhabu ya namna hiyo ina uzito kuliko ilani iliyobandikwa mtini.

Kwa nini miti iliota bila kupandwa?

Wageni wengi walishangaa kuona pori likirudi mahali pasipopandwa mche hata mmoja. Maelezo yake yamo katika biolojia ya miti ya nchi kavu. Mti unapokatwa shina, mizizi yake haifi mara moja. Mizizi huweka akiba ya wanga, na kila mvua hutoa machipukizi mapya. Mifugo ikiyala machipukizi hayo kila mwaka, akiba hupungua bila kurudishwa, mpaka mzizi unachoka na kufa. Mifugo ikizuiwa, majani hutengeneza chakula kwa nuru ya jua, akiba hurudi, na chipukizi hurefuka mpaka mbuzi asiweze kulifikia. Mche wa kitalu huanza maisha kwa kijizizi cha sentimita chache. Chipukizi la kisiki huanza likiwa na mizizi ya mti mzima, iliyokwisha kufika kwenye unyevu wa chini. Hapo ndipo ilipo siri ya wepesi wake wa kukua.

Pamoja na mizizi ipo hazina ya mbegu. Mbegu za migunga mingi zina ganda gumu nazo hukaa udongoni miaka kadhaa zikiwa hai. Ng'ombe na mbuzi wanaokula maganda ya migunga humeza mbegu na kuzitoa katika samadi, mahali penye mbolea. Kwa hiyo mnyama yule yule anayeharibu pori asipozuiwa hulipanda anapozuiwa kwa majira. Migunga nayo ni jamaa ya kunde: katika mizizi yake huishi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuirutubishia ardhi.

Ujuzi huo ulitumiwa pia mashambani. Katika majaribio yaliyofanywa Shinyanga, miti inayokua upesi ilipandwa pamoja na mahindi. Miaka miwili au mitatu ya mwanzo mkulima huvuna mahindi kati ya miti michanga. Kisha miti huachwa ikue peke yake. Baadaye hukatwa kwa kuni na nguzo, na mahindi hupandwa tena katika udongo uliopumzika. Mkulima anayepata kuni shambani kwake hana haja ya kukata ngitili.

Faida na hesabu zake

Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000, hesabu zilionyesha ngitili zaidi ya 18,000 zenye jumla ya zaidi ya hekta 350,000, katika vijiji 833. Hesabu hizo ni za mkoa wa wakati ule, kabla ya mwaka 2012 ambapo Bariadi, Maswa na Meatu ziliingia katika Mkoa mpya wa Simiyu, na Bukombe katika Mkoa mpya wa Geita. Mwaka 2002 HASHI ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulijaribu kuipima faida kwa fedha: kuni, nguzo, majani ya kuezekea, malisho, dawa, asali, matunda na uyoga. Thamani ilikadiriwa kufikia dola 14 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini Tanzania ulikuwa dola 8.50 hivi. Aina za mimea zilizohesabiwa katika ngitili zilifika 152, mahali ambapo miaka ishirini kabla yake ni majani machache yaliyoonekana. Vijiji kadhaa vilitumia mapato ya ngitili zao kujengea madarasa na zahanati. Kwa kina mama, faida iliyo kubwa haikuhitaji hesabu ya dola: mwendo wa kutafuta kuni ulipungua.

Matatizo yaliyobaki

Ingekuwa makosa kudhani kwamba kila kitu kimetengemaa. Kwanza, faida haigawanywi sawa. Katika hesabu ile ya ngitili zaidi ya 18,000, zile za jumuiya hazikufika 300. Zilizobaki zilikuwa za watu binafsi. Mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi hufunga eneo kubwa, naye huweza kuuza malisho au kuyakodisha. Kaya isiyo na ardhi hutegemea ngitili ya kijiji, na penye ngitili ndogo ya kijiji hutegemea hisani ya jirani. Pili, pori linaporudi, wanyama nao hurudi: fisi huvamia mazizi, na ndege huharibu mtama. Gharama hiyo mara nyingi humwangukia asiye na ngitili yoyote.

Tatu, yapo mahitaji ya machimbo. Upande wa magharibi, kuanzia Kahama hadi Geita, dhahabu imevuta watu wengi. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, lakini mgodi mpya ulianza kazi mwaka 2000, na kandokando yake wachimbaji wadogo wamejaa katika sehemu kama Nyarugusu na Rwamgasa. Shimo la mchimbaji mdogo huhitaji magogo ya kuegemeza kuta zake, ambayo wachimbaji huyaita matimba. Bila hayo shimo huweza kuporomoka na kuua. Makazi yanayozuka karibu na machimbo huhitaji mkaa na mbao. Kijana anayeweza kuuza matimba leo hana subira ya kungoja majani ya Agosti. Ngitili ilibuniwa kukabiliana na njaa ya ng'ombe. Haijulikani kwa desturi namna ya kukabiliana na soko.

Zipo sheria zinazoweza kusaidia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa serikali ya kijiji madaraka juu ya ardhi yake, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi ulio mali yake. Kijiji kilichopima na kuandikisha ngitili yake kina hoja mbele ya mnunuzi wa magogo. Kijiji ambacho mipaka yake ni kumbukumbu ya wazee tu huwa na hoja dhaifu, hasa wazee hao wanapofariki. Ndiyo sababu kazi ya ugani haikwishi miti inapoota.

Jaribio kwa wanafunzi

Somo la maji na udongo laweza kujaribiwa katika shule yoyote. Wanafunzi wachukue kopo la bati lililotolewa kifuniko na kitako, walishindilie ardhini kiasi cha sentimita 5, wamimine nusu lita ya maji, na kupima kwa saa muda unaopita mpaka maji yote yazame. Wafanye hivyo mara tatu katika kila moja ya sehemu hizi: chini ya mti wa siku nyingi, penye majani yasiyolishwa, katika shamba lililolimwa, na katika njia ya ng'ombe. Waandike wastani wa kila sehemu na kuchora grafu.

Kisha waende kwa mzee mmoja wa kijiji wamwulize mambo matatu: udongo wa kila sehemu unaitwaje, miaka hamsini iliyopita kulikuwa na nini mahali hapo, na nani alikuwa na haki ya kulisha hapo. Majibu ya kopo na majibu ya mzee yawekwe katika daftari moja. Mara nyingi itaonekana kwamba mzee alikwisha kujua kile ambacho kopo limepima, na kwamba kopo limeeleza sababu ambayo mzee hakuwa na jina lake. Kwa njia hiyo hiyo ndivyo miti ilivyorudi Shinyanga.